Anayekufa Ndiye Anunuaye Pai

Burbank, California
11 Machi 2024

Mjomba Ewart,

Shikamoo. Mpe mkazamjomba Merle shikamoo yake pia, na umwambie sweta aliyonifumia ingali kabatini ikisubiri nchi yenye baridi. Huku ni mwezi wa tatu tu na jua linawaka utadhani limelipwa. Mama alinipigia Jumapili. Analalamika kwamba alipokuja kwenu Featherston mbwa wako walimkanyagia mche wa waridi aliokuletea, nawe ukasimama upande wa mbwa. Nilicheka, lakini ukimwambia nitakana.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba, wanaifufua Wachunga Nyota.

Keti kwanza, maana najua umesimama. Zile filamu tatu ulizoigiza nilipokuwa na miaka tisa, zile zilizojaza majumba ya sinema dunia nzima mwaka elfu mbili na miaka ya jirani yake, zitapata ya nne. Na aliyeajiriwa kuandika mswada wake ni mpwa wako. Mimi! Niliyekuwa nikilala kwenye majani nje ya mahema ya warembaji nikikuangalia ukigeuzwa mzee.

Wanamtaka Orrun, yule uliyemwigiza. Wanasema bila mzee Orrun kwenye lango lake, akiziita nyota kwa mluzi kama mtu anayeita kondoo, watazamaji wataona wameingizwa nyumba isiyo yao. Mtayarishaji wetu, Bwana Wendell Ostrow, amenipa mpaka mwisho wa Julai nimletee jibu lako. Ukikataa watakutengeneza kwa kompyuta, uso wako na sauti yako, pasipo wewe. Nimeona jaribio lao, Mjomba. Linatabasamu kwa meno peke yake.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu na barua pepe zetu za kazini zinakaguliwa ili siri zisivuje, na kwa sababu barua pepe wewe hujibu kamwe. Kuhusu hadithi usiniulize. Nimekula kiapo, hata Mama simwambii.

Utakuja? Sema utakuja.

Mpwa wako,
Tamsin


Featherston
3 Aprili 2024

Tamsin mpwa wangu,

Marahaba, na Merle anaitikia kutoka jikoni. Sote hatujambo. Upepo umeng'oa mabati mawili ya banda la kuni na kuyapeleka kwa jirani, ambaye ameyarudisha yakiwa yamebeba mafeijoa. Ndio msimu wake. Mwezi huu ukiacha gari bila kulifunga, ukirudi unakuta mtu amekutilia mfuko wa matunda hayo kitini na kukimbia. Merle amepika jamu mpaka chupa zimekwisha, sasa anatazama vikombe. Waridi la mama yako litachipua. Mbwa walikuwa na sababu zao.

Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyoamuru.

Sikushangaa, na nitakueleza kwa nini, maana kueleza ndiyo maradhi yangu tangu nilipokuwa mwalimu wa historia. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 2000 leo ana mshahara, ana mwanawe wa miaka kumi, na jioni amechoka. Yeye ndiye anayekata tiketi. Hanunui hadithi mpya, ananunua ile siku aliyokaa katikati ya baba na mama yake gizani na hakuogopa. Kampuni zinalijua hilo vizuri. Zinafungua kaburi la kila kitu kilichowahi kupendwa, zinapuliza vumbi, zinasema amka. Silaumu. Hata mimi ningependa kuamshwa na mtu anayenipenda. Lakini kumwamsha aliyelala ni sharti umwambie umemwamshia nini.

Ndiyo maana kabla sijajibu nauliza: Orrun ana kazi gani katika filamu hii?

Nakumbuka nilikuwa na miaka arobaini na saba, na kila alfajiri walinibandika uzee kwa gundi na mpira mpaka shingo ikawasha. Sasa nina sabini na mbili. Waambie warembaji walale, huu uzee nimekuja nao mwenyewe toka nyumbani. Fimbo pia ninayo. Siku hizi naishika hata ndani ya nyumba, na mbwa wananiheshimu zaidi.

Unazikumbuka pai? Wewe ulikuwa ukila za watu wawili. Yule mcheza-hatari wa kwanza kuigiza kifo kilimani alikufa vibaya kwenye mvua, tukarudia na kurudia mpaka tukaloa hadi mifupa. Kwa aibu akateremka mjini akatununulia sote pai kwenye duka la mikate la babake Ngaire. Tangu siku hiyo ikawa mila ya kikosi: anayekufa ndiye anunuaye pai. Katika filamu tatu mimi sikununua hata moja. Nilikula za marehemu wote.

Na kile kilima, kitatumika tena? Nauliza tu.

Mjomba wako,
Ewart


Burbank
29 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo nyingi. Jamu imefika, chupa nzima, ila mkaguzi wa uwanja wa ndege ameionja. Sina ushahidi, lakini kifuniko kimekaa upande. Mimi mzima. Jirani yangu amenunua kasuku anayeigiza mlio wa simu yangu, kwa hiyo usiku na mchana natafuta simu.

Bwana Ostrow si mtu mbaya. Ana miaka thelathini na minane, anavaa viatu vya kukimbilia na suti, na kila wazo analipima kwa mkono juu ya moyo: "Hapa pamesisimka? Hapajasisimka." Jana alipima wazo langu akasema moyo wake umelala.

Umeuliza kazi ya Orrun. Siwezi kusema, unajua. Nitasema hivi tu: ana tukio zuri sana. Si refu. Lakini zuri.

Kilima kitatumika, ndiyo! Utakipanda peke yako alfajiri na fimbo yako, kamera ikikufuata toka chini mpaka kileleni. Watu watalia, Mjomba. Kurasa zako zitakufikia kwa mjumbe. Usishtuke, ni karatasi nyekundu isiyopigika picha. Kila mwigizaji anapewa zake tu.

Sasa sema ndiyo.

Tamsin


Burbank
17 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini posta ndiyo yenye kosa. Mama anasema u mzima, amekuona Jumamosi umekaa kibarazani, na kwamba hukuinuka kumpokea, ila yeye anadhani bado umemnunia kwa sababu ya mbwa.

Kurasa ulizipata? Hukuzipenda? Ostrow ananiuliza kila asubuhi. Kasuku naye ameanza kusema "Ewart".

Niandikie hata mstari mmoja.

Tamsin


Featherston
30 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Merle hajambo, baridi ya huku kusini mwa dunia imeingia, na mama yako hakuna nililomnunia. Posta haina kosa. Kosa ni langu, kisha la Ngaire, nami nakusimulia kwa utaratibu.

Kurasa nilizipata. Nimezisoma kwa taa ya mezani, maana wino mweusi juu ya nyekundu ni adhabu kwa macho yangu. Ni nzuri. Ninapofungua lango nikamtambua yule binti wa filamu zetu za zamani kwa namna anavyofunga viatu, hapo niliivua miwani nikaifuta. Kisha napanda kilima. Kisha kurasa zimekwisha. Nikasema, haya, labda nyingine ziko njiani, nizingoje kwanza ndipo nijibu.

Ijumaa Merle alinipeleka mjini kununua mkate. Ngaire alinitazama juu ya kaunta, akajifuta unga, akanishika mkono.

"Ewart, pole sana kwa msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

"Wangu vipi? Mimi si huyu?"

"Ndiyo nashangaa mwenyewe, unaonekana vizuri." Akainama, akanong'ona wakati duka zima lina yeye, mimi na Merle. "Raewyn alipiga simu toka Wellington. Ameagiza pai za kikosi kizima, mwezi wa kumi na moja, kwa jina lako. Anasema mila ni mila, hataki siku ifike waaibike. Nikamuuliza, kwani mzee anakufa? Akasema simu inakatika. Ya mezani, Ewart! Simu ya mezani inakatikaje?"

Unamjua Raewyn. Ni mratibu wa kikosi tangu filamu ya kwanza, na moyo wake ni wa dhahabu. Mnafunga siri kwa viapo, kwa karatasi nyekundu, kwa wakaguzi wa simu, halafu inatoka kwa mlango wa jikoni kwa sababu mwanamke mmoja hataki watu wakose chakula.

Merle ndani ya gari alisema, "Umekufa lini? Ungeniambia nikatengeneze nywele."

Sasa mimi sikuulizi kitu, maana umekula kiapo. Nakuuliza la upishi tu: mzee anayekufa mapema, kabla watazamaji hawajamaliza bisi zao, zinafaa pai za kuku au za nyama?

Ewart


Burbank
12 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Zinafaa za nyama ya kusaga na jibini. Nisamehe.

Ni mshale. Mgongoni, kileleni, ukimaliza tu kupanda. Ndiyo kanuni ya ufufuaji siku hizi, kila kampuni inaifuata: mzee anarudi, watu wanashangilia, mzee anauawa, kijana anakasirika, na hapo watazamaji wanajua safari hii si mchezo. Nilipoajiriwa niliikuta imeandikwa ubaoni kwa mkono wa Ostrow: ORRUN ANAKUFA, HAPA PAMESISIMKA. Nimekiandika kifo chako mara nyingi, Mjomba, na kila mara nimekiharibu. Mara moja nilikuua kwa mafua. Ostrow alikirudisha.

Ningekuambiaje? Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Ulinibeba mabegani nikaziona nyota zile za taa zikishuka kwenye waya.

Usipokuja sitakulaumu. Lile la kompyuta litakufa badala yako, na halitajali. Lakini nitajali mimi. Muda ni mpaka mwisho wa mwezi.

Tamsin


Featherston
20 Julai 2024

Tamsin,

Marahaba, na futa machozi, karatasi yako ilifika na madoa. Wana-kondoo wa kwanza wa jirani wamezaliwa mapema wakati wa theluji, wawili wako jikoni kwetu ndani ya sanduku, na Merle ameshawapa majina, kwa hiyo hawataliwa.

Kwanza, kufa si kosa. Nimekufa jukwaani maisha yangu yote. Nimekufa kwa sumu, kwa upanga, kwa mapenzi, na mara moja kule Masterton nilikufa kwa mlango wa jukwaa kuniangukia, ukapigiwa makofi mengi kuliko mimi. Kifo chenye kazi ni heshima kwa mwigizaji. Ninachokataa ni kufa kama kijiti cha kiberiti, niwashwe ili mwingine apate moto, nitupwe.

Sasa nikueleze jambo ambalo ubaoni kwa Bwana Ostrow halipo. Ulipokuwa na miaka tisa uliniuliza, "Mjomba, Orrun analala saa ngapi?" Nikakujibu halali, ndiyo maana wengine mnaweza kulala. Ukaridhika, ukasinzia palepale kwenye kochi la warembaji. Watoto wa dunia nzima walimpenda kwa hilo. Hakuwa shujaa yule. Hakumpiga mtu katika filamu zote tatu. Alikuwa mlangoni tu, na taa yake. Wengine waliweza kwenda mbali kwa sababu yeye hakwenda.

Mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka ishirini na mitano anatazama kwanza kama taa ya mlangoni inawaka. Ukiizima mbele ya macho yake ili akasirike, atakasirika kweli. Lakini atakukasirikia wewe.

La pili ni langu, maana nimekudai ukweli na wangu nimeuficha. Mama yako hakukosea, sikuinuka kumpokea. Nyonga. Moja ilibadilishwa mwaka jana na ya pili inangoja zamu. Sikumwambia mtu isipokuwa Merle na mbwa. Ile fimbo si ya kuigiza. Kilima chako kile siwezi kukipanda, mwanangu, hata mkinipa juma zima. Hata kusimama langoni mpaka tukio liishe siwezi. Nilipouliza kama kitatumika, nilikuwa naogopa kwamba mkijua mtaniacha, mtachukua lile la meno matupu, lenye nyonga nzima.

Basi jibu langu hili hapa, lipeleke kama lilivyo. Nitakuja kwa furaha, lakini nitakuja nimekaa. Nikifa kwa mshale ili kijana akasirike, siji.

Mjomba wako,
Ewart


Burbank
9 Agosti 2024

Mjomba!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo, na busu kwa wana-kondoo. Barua yako ilifika siku ya mwisho, asubuhi. Sikupiga mswaki. Nilikwenda nayo mkutanoni kama nilivyo.

Ostrow alikuwa mbele ya ubao. Nikasema, "Orrun hapandi kilima. Anakaa langoni."

"Anakaa mpaka lini?"

"Filamu nzima."

"Filamu nzima! Tamsin, dada yangu, watu watoe pesa zao waje kumtazama mzee kakaa?"

"Watatoa pesa waje kutazama kama bado amekaa."

Watu wa idara ya masoko wakatazama kucha zao. Nikaendelea kabla woga haujanikamata. Nikawaambia vijana ndio watakaopanda kilima, na kila wanapogeuka wanaiona ile taa chini, inazidi kuwa ndogo, lakini ipo. Na mwishoni, giza likishameza kila kitu, hawajui nyumbani ni upande gani, ndipo wanaposikia mluzi. Nikawasomea maneno yako ya taa ya mlangoni. Ya nyonga sikuyasoma, Mjomba. Nilisema tu umezoea kiti.

Ostrow aliweka mkono juu ya moyo. Akakaa nao hapo muda mrefu, nikadhani anaumwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, si ile ya kazini, "Ule mluzi bado anauweza?"

"Anawaitia mbwa kila siku."

Basi akaupiga yeye! Mbele ya watu wa masoko, mtu mzima na suti yake. Aliupiga vibaya, ule mlio wa katikati unapanda yeye akashuka, lakini ulikuwa wenyewe. Akasema alikuwa na miaka kumi na minne, wazazi wake wanaachana, na aliitazama filamu ya pili mpaka kanda ikakatika. Kisha akajikuna shingo, akarudi kuwa mtayarishaji: "Lakini mtu lazima afe pale kilimani. Mshale umeshatengenezwa."

Tukakubaliana afe mlinzi mmoja asiye na jina. Ostrow akaufuta ubao kwa kiganja.

Kwenye spika ya simu, toka Wellington, Raewyn akauliza, "Sasa na pai je? Mimi nimeshaagiza."

Mkutano ukavunjika hivyo.

Mimi sitakuja kushuhudia, wamenifungia huku niandike ya tano. Niandikie kila kitu.

Tamsin wako


Featherston
24 Novemba 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Wana-kondoo sasa wamekuwa wakubwa na wanaingia ndani bila hodi. Waridi la mama yako limetoa ua moja, naye amelipiga picha kama ushahidi dhidi ya mbwa. Zamu yangu ya nyonga imetoka: ni Februari.

Tumemaliza jana. Wamelijenga lango palepale pa zamani, nje kidogo ya mji, na wakaniwekea kiti cha mbao chenye mto ambao kamera haiuoni. Raewyn alinifunika blanketi miguuni, akasema hilo ni la Orrun. Nilijua ni lake mwenyewe. Mluzi niliupiga mara ya kwanza sawasawa kabisa, na mbwa wangu wote wakaja mbio toka kwa Merle, wakapita katikati ya jeshi la waigizaji. Tulirudia.

Bwana Ostrow alisafiri mwenyewe kuja. Siku ya kwanza alifika langoni akasimama mbele yangu kama mtoto aliyetumwa na mwalimu, hajui aanze wapi. Nikamfundisha ule wa katikati, unapopanda. Sasa anauweza.

Halafu akamwomba Raewyn jambo. Alitaka tangu utotoni, alisema, avae deraya ya Wachunga, hata dakika moja, hata nyuma ya watu. Raewyn akafikiri, akasema, "Kuna yule mlinzi asiye na jina." Akamvalisha kofia ya chuma yeye mwenyewe, akaikaza kamba chini ya kidevu kwa upole wa mama. Nilimwona Raewyn akitabasamu, nikakumbuka simu ya mezani iliyokatika.

Alikufa vizuri, nitamtetea kwa yeyote. Mshale ulipompata aligeuka, akalitafuta lango kwa macho kabla hajaanguka, jambo ambalo hakuna aliyemwambia afanye. Walirudia mara tatu kwa sababu mara ya kwanza alisema "asante."

Alipoteremka, matope usoni na mshale ungali unayumba mgongoni, alikuta gari la Ngaire limefunguliwa nyuma, mvuke unatoka, na kikosi kizima kimepanga foleni kikimpigia makofi.

"Hizi zote," akauliza, akiwa amevua kofia, "ni kwa ajili yangu?"

"Hapana, mwanangu," Ngaire akamwambia. "Ni kutoka kwako."

Akaelezwa mila. Alicheka mpaka mshale ukadondoka. Kisha akachukua pai ya kwanza, akaileta kwa mikono miwili mpaka langoni, akakaa chini kwenye majani kando ya kiti changu.

Nikala, kama nilivyokula za marehemu wote. Sikuinuka, na taa sikuizima.

Mjomba wako,
Ewart